Mkonge wa Kilosa Ulitoka Florida

Ndugu msikilizaji, ukisafiri kwa treni ya Reli ya Kati kutoka Dar es Salaam, ukishaipita Morogoro unaingia katika uwanda mpana wa Mkata, na karibu na Kimamba, kabla ya kufika Kilosa, unaanza kuona mashamba ya mkonge. Mengine yana mistari iliyonyooka. Mengine yamemezwa na vichaka, na mlingoti wa mkonge umebaki umesimama peke yake kama nguzo ya simu isiyo na waya. Ukimwuliza abiria mwenzako mmea huu asili yake wapi, pengine atakujibu kwamba ni wa hapa hapa, wa Tanga na Kilosa, tangu enzi za mababu.

Sivyo. Mkonge uliingia nchini mwaka 1893, ukitokea Florida, jimbo la kusini mwa Marekani. Mtaalamu wa kilimo wa Kijerumani, Dk. Richard Hindorf, aliagiza miche 1,000. Ilisafirishwa kwa meli hadi Hamburg, kisha ikaletwa kwenye pwani yetu, na iliyofika ikiwa hai ilikuwa 62 tu. Hiyo ndiyo iliyopandwa Kikogwe, karibu na Pangani. Huko Tanga husimuliwa kwamba Mjerumani huyo aliiba miche Mexico akaificha ndani ya tumbo la mamba aliyekaushwa. Ni hadithi tamu, na mimi sina haja ya kuwanyima watu wa Tanga mamba wao, lakini ile miche 62 inatosha kabisa kuwa hadithi.

Leo basi nataka tuzungumze juu ya jimbo hilo la Florida na juu ya wilaya yetu ya Kilosa pamoja na Mikumi yake. Ni sehemu mbili zilizo mbali sana, lakini zimeunganishwa na mmea mmoja, na pia na jambo jingine lenye uzito zaidi ya mmea, nalo ni karatasi za ardhi.

Florida ni rasi ndefu iliyochomoza baharini, yenye Atlantiki upande wa mashariki na Ghuba ya Mexico upande wa magharibi. Ni nchi tambarare mno. Sehemu yake iliyo juu kuliko zote, iitwayo Britton Hill, ina kimo cha mita 105 tu kutoka usawa wa bahari. Mji wa Kilosa, ambao sisi tunausema uko bondeni chini ya milima, uko juu zaidi ya mara nne ya "mlima" huo wa Florida, na milima ya Ukaguru na Rubeho iliyo nyuma yake inapita mita 2,000.

Jina lenyewe walilitoa Wahispania. Juan Ponce de León alifika huko mwaka 1513, majira ya Pasaka, ambayo kwa Kihispania huitwa pia Pasaka ya Maua, na kutokana na maua hayo nchi ikaitwa Florida. Mwaka 1565 Wahispania walijenga mji wa St. Augustine. Marekani ilikubaliana na Hispania kuichukua nchi hiyo mwaka 1819, ikakabidhiwa rasmi mwaka 1821, na tarehe 3 Machi 1845 Florida ikawa jimbo la 27. Miaka 16 baadaye, tarehe 10 Januari 1861, ilijitoa katika Muungano pamoja na majimbo mengine ya kusini kwa sababu ya kutaka kuendelea kumiliki watumwa. Vita vikapiganwa, kusini ikashindwa, na mwaka 1868 Florida ikarudishwa kundini.

Mwaka huo huo wa 1868 ndipo Florida ilipojipatia nembo. Hapa, ndugu msikilizaji, naomba unisikilize vizuri, maana wenzetu Wamarekani wana desturi ambayo sisi hatuna. Kila jimbo lina bendera yake na nembo yake, na mengi yana ua lake, ndege wake, mti wake, mnyama wake, hata wimbo wake, vilivyopitishwa kisheria. Ua la Florida ni ua la mchungwa, tangu mwaka 1909, ingawa michungwa yenyewe ililetwa na Wahispania. Ndege alichaguliwa mwaka 1927. Wimbo ulipitishwa mwaka 1935, nao ni wimbo wa Stephen Foster, mtunzi ambaye hakuwahi kukanyaga Florida. Jina la mto alilotia ndani alilipata kwenye ramani. Mti wa jimbo, tangu mwaka 1953, ni aina ya mnazi-mwitu uitwao sabal.

Nembo ile ya 1868 ilitakiwa ionyeshe jua likichomoza, meli ya mvuke, mnazi, na mwanamke wa Kihindi Mwekundu akimwaga maua. Nyuma yao mchoraji akaweka milima. Milima, katika nchi ambayo kilele chake ni mita 105! Tena yule mwanamke akavikwa taji la manyoya la makabila ya mbugani, maelfu ya kilomita kutoka Florida. Picha hiyo ilibandikwa kwenye hati za Serikali ya jimbo kwa zaidi ya miaka mia moja. Ilipofika mwaka 1970 sheria ikaamuru mnazi ubadilishwe uwe sabal, na mwaka 1985 nembo ikachorwa upya. Milima ikaondolewa, na mwanamke akawa wa kabila la Seminole, wenyeji hasa wa Florida.

Ni jambo jema kurekebisha picha. Lakini mwanamke huyo wa Seminole aliyewekwa kwenye nembo akimwaga maua kwa furaha, ndugu zake walifanywa nini? Mwaka 1823 Waseminole walitia saini mkataba wa Moultrie Creek, wakaachiwa eneo la ndani ya rasi. Miaka tisa tu baadaye, tarehe 9 Mei 1832, ikaletwa karatasi nyingine mahali paitwapo Payne's Landing, ikisema kwamba watahama kabisa na kwenda magharibi ya mto Mississippi. Baadhi ya machifu ambao majina yao yalikuwamo walikanusha kwamba walikubali. Wengine walisema walilazimishwa. Serikali ya Marekani ikashikilia kwamba karatasi ni karatasi. Ndipo vilipozuka vita vilivyodumu kuanzia 1835 hadi 1842. Bega kwa bega na Waseminole walipigana watu weusi waliotoroka utumwa na kupata hifadhi kwao. Kiongozi wao mashuhuri, Osceola, alikamatwa mwaka 1837 alipokuja kwenye mazungumzo chini ya bendera nyeupe, akafia kifungoni Januari 1838.

Katika vita hivyo ndipo mkonge unapoingia. Daktari mmoja, Henry Perrine, aliyekuwa balozi mdogo wa Marekani huko Campeche, Mexico, alivutiwa na mmea uliokuwa ukitoa nyuzi za kamba katika nchi ya Yucatán na kusafirishwa kupitia bandari ndogo iitwayo Sisal. Alipeleka miche Florida, na mwaka 1838 Bunge la Marekani likampa ardhi kusini mwa jimbo hilo ili ajaribu mazao ya nchi za joto. Hakufaidi. Tarehe 7 Agosti 1840 wapiganaji wa Kihindi Wekundu walikivamia kisiwa cha Indian Key alikokuwa akiishi, naye akauawa. Hadi leo wataalamu wa mimea huandika jina lake nyuma ya jina la kisayansi la mkonge. Miche yake ikabaki, ikazaliana yenyewe kwenye michanga ya Florida, na wenye nchi hawakuijali sana. Miaka 53 baada ya kifo chake, Mjerumani akaiagiza ije kwetu.

Sasa tuvuke bahari. Wakati Hindorf anaagiza miche yake, ardhi ya kuipanda ilikuwa imekwisha kupatikana, nayo ilipatikana kwa karatasi. Kila aliyesoma historia darasani amelikariri jina la Mangungu wa Msowero. Wengi wetu tunalikariri bila kujua Msowero iko wapi. Msowero iko Kilosa, kwenye njia ya kutoka Dumila. Ni kijiji unachoweza kufika leo kwa basi.

Karl Peters alifika Unguja mapema Novemba 1884, akavuka kwenda Saadani, akapanda Usagara. Tarehe 29 Novemba 1884, Mangungu alitia alama yake kwenye mkataba uliosema kwamba anaitoa nchi yote ya Msowero, pamoja na haki zake zote, kwa Shirika la Ukoloni wa Kijerumani, kwa matumizi ya ukoloni wa Kijerumani, milele. Na yeye angepata nini? Peters aliahidi kwamba Wajerumani watakapoikoloni Usagara, wataipa Msowero kipaumbele. Mwishoni mwa karatasi ikaandikwa kwamba mkalimani alimweleza Mangungu mambo yote waziwazi. Hilo la mwisho huwa linanisimamisha kila nilisomapo. Mtu asiyekuwa na shaka kwamba mwenzake ameelewa, haja ya kuandika kwamba ameelewa ni ya nini?

Peters akarudi Berlin na furushi la karatasi za Usagara, Uzigua, Nguru na Ukami. Mkutano wa Berlin wa mataifa ya Ulaya ulifungwa tarehe 26 Februari 1885, na kesho yake, tarehe 27, Mfalme Wilhelm wa Kwanza akatoa hati ya ulinzi juu ya nchi hizo. Sultani Barghash wa Zanzibar alipolalamika, manowari za Kijerumani zikatia nanga mbele ya jumba lake Agosti mwaka huo. Kwa hiyo koloni zima la Afrika Mashariki ya Kijerumani, na baadaye Tanganyika, lilianza na karatasi za aina ile ya Msowero. Kati ya Payne's Landing na Msowero ni miaka 52, na ukizisoma hati hizo mbili unaona zinafanana kama mapacha.

Haina maana kwamba Kilosa haikuwa na historia kabla ya hapo. Bonde la mto Mkondoa lilikuwa barabara kuu ya misafara iendayo bara. Burton na Speke walipita Usagara mwaka 1857. Stanley alipita mwaka 1871 wakati wa masika, na uwanda wa Mkata ukamtesa kwa matope kiasi kwamba aliukumbuka kwa uchungu katika kitabu chake. Wasagara, Wakaguru na Wavidunda walikuwa wakilima kwenye mabonde na miteremko, na wafugaji wa Kimaasai na Kiparakuyu wakichunga tambarare. Maji ya Mkondoa bado ni yale yale. Mwisho wa Desemba 2009 na Januari 2010 mto ulifurika, ukazoa nyumba za maelfu ya watu wa Kilosa na kuing'oa reli, treni zikasimama kwa miezi.

Reli ilifika Morogoro mwaka 1907, ikaendelea Kilosa na Dodoma, ikafika Kigoma mwaka 1914. Mkonge ukaifuata reli, maana jani la mkonge ni zito, na singa zake hazina faida bila njia ya kuzifikisha bandarini. Walipoondoka Wajerumani, Waingereza wakaendelea, na mashamba ya Kimamba, Rudewa na Msowero yakamilikiwa na walowezi, Wagiriki wengi wakiwamo, na Waasia.

Waliokata mkonge huo walitoka mbali. Mwaka 1944 wenye mashamba waliunda ofisi yao ya kuandikisha vibarua, iliyojulikana kwa jina la SILABU, na watu wakachukuliwa kutoka Songea, Kigoma, Ruanda-Urundi na Msumbiji. Kila mmoja alipewa namba, na kutokana na namba hizo wakaitwa manamba. Walifanya kazi kwa kipande, kadi yenye nafasi 30 za siku za kazi, na asiyetimiza kazi aliyopangiwa siku ile haikuhesabiwa. Majani yalifungwa mafungu ya 30, yakapelekwa korona kwenda kusagwa. Wajukuu wa manamba hao ndio nusu ya majirani utakaokutana nao katika vijiji vya Kilosa, na ndiyo maana Kilosa ni mahali ambapo Mmakonde na Muha wanaweza kubishana kwa Kiswahili cha Kimamba juu ya nani alitangulia kufika.

Zao hilo liliibeba nchi. Mwaka 1964 Tanzania ilizalisha tani 230,000 hivi za katani, ikaongoza dunia. Kisha nyuzi za plastiki zikashusha bei. Mwaka 1967, baada ya Azimio la Arusha, Serikali ilitaifisha sehemu kubwa ya mashamba, na wasimamizi wake wakarithi soko linalokufa. Mwishoni mwa miaka ya 1990 mazao yalikuwa yameshuka hadi kama tani 20,000. Hata hivyo, tazama Ngao ya Taifa letu. Miguuni pa mwanamume na mwanamke kuna pamba na karafuu. Mkonge, uliokuwa ukiingiza fedha za kigeni kuliko zao jingine lolote la bara wakati ngao hiyo inachorwa, haumo. Mimi sitaki kuamini kwamba ulisahauliwa. Naona ulikuwa na harufu ya kipande na ya manamba, na nchi iliyokuwa imetoka tu kupata uhuru haikutaka kuuweka miguuni pa raia wake.

Kama tungefuata desturi ya Wamarekani na kila wilaya ikachagua mti wake, Mikumi isingehangaika. Mikumi ni wingi wa mkumi, ule mti wa jamii ya mnazi ambao sehemu nyingine huitwa mvumo, na mji umepata jina lake hapo. Florida imechagua mnazi-mwitu kisheria. Mikumi ilishachaguliwa na mnazi-mwitu wake kabla ya sheria yoyote.

Hifadhi ya Taifa ya Mikumi ilianzishwa mwaka 1964, ikapanuliwa mwaka 1975, na sasa ina kilomita za mraba 3,230. Ndiyo hifadhi ambayo mwananchi wa kawaida anaweza kuiona bila kulipa kiingilio, kwa kuwa barabara kuu ya Morogoro kwenda Iringa inaikata katikati kwa kilomita zipatazo 50. Abiria wa basi la Mbeya huona tembo na twiga kwa nauli yake ile ile. Gharama hulipwa na wanyama. Pamoja na matuta na vibao vya mwendo, magari yanaendelea kuwagonga, akiwamo twiga, ambaye ndiye mnyama wetu wa taifa na ndiye anayeruka angani kwenye ndege za shirika letu. Florida wana aibu kama hiyo. Mwaka 1982 wanafunzi wa jimbo hilo walipiga kura kuchagua mnyama wao, wakamchagua chui-milia, naam, samahani, si chui mwenye milia bali yule paka mkubwa wa rangi ya udongo wanayemwita panther. Wamebaki wachache sana, kama 200 hivi, na kinachowaua zaidi ni magari. Tofauti ni kwamba wenzetu, kwenye barabara moja kubwa inayokatiza vinamasi vya Everglades, walijenga uzio na njia za chini ili wanyama wapite.

Nirudi kwenye ardhi, maana hapo ndipo penye moto. Mashamba ya mkonge ya Kilosa yalipotelekezwa, hati zake hazikutelekezwa. Mwenye hati alibaki mjini au ng'ambo, pengine akakopea benki, na huku kijiji kimebanwa upande mmoja na shamba la pori lenye mwenyewe, upande wa pili na hifadhi, upande wa tatu na milima. Watu waliongezeka. Wafugaji nao, waliosukumwa kutoka kwingine, wakashuka na ng'ombe wao kwenye tambarare ile ile. Desemba mwaka 2000, katika kijiji cha Rudewa Mbuyuni, ugomvi wa wakulima na wafugaji ulikatisha maisha ya watu 38. Rudewa ni jirani wa Msowero. Huzuni yake ni kwamba waliouana, wakulima kwa wafugaji, si wao waliokuwa wanashikilia maelfu ya ekari zilizolala.

Baada ya hapo Serikali imekuwa ikifuta hati za baadhi ya mashamba hayo na kuyarudisha kwa wananchi. Ni hatua iliyochelewa, lakini ni hatua. Sasa kazi iko kwenye kugawa. Orodha ya wanaogawiwa huandikwa na mtu, hupigwa muhuri na mtu, na mara nyingi mjini hufika habari kwamba walioandikwa wana makazi Morogoro na Dar es Salaam kuliko Rudewa. Na tangu mwaka 2024 treni ya umeme ya reli mpya inasimama Kilosa ikielekea Dodoma. Mjini sasa ni karibu, na kadiri mji unavyokaribia ndivyo ekari inavyopanda thamani na wenye kuitamani wanavyoongezeka.

Kwa hiyo ndugu zangu wa Kilosa mnaonisikiliza, ikija karatasi kijijini, iwe ya mgawo, ya mpaka au ya mwekezaji, isomwe kwa sauti kwenye mkutano mkuu wa kijiji, kwa Kiswahili, kuanzia mstari wa kwanza hadi wa mwisho, na nakala ibaki kwa mtendaji ambapo yeyote anaweza kuiomba. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inaupa mkutano wenu nafasi hiyo. Na pale mwishoni pakiandikwa kwamba wananchi wameelezwa na wameelewa, mwulizeni aliyeandika ni nani aliyeelezwa, lini, na nani alikuwa mkalimani.